Waya Kati ya Mashimo Mawili

Mlio ulinifikia kabla sijamwona baba: mwembamba, mtulivu, ukitoka nyuma ya majani yaliyonizidi kimo. Niliufuata, nikajikwaa kwenye waya, nikamkuta amechuchumaa kando ya shimo la pili la kupimia, mtambo wa kusikilizia mapajani, akitabasamu.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hivyo mwaka ule niliokuwa namaliza chuo kikuu, mimi ndiye niliyemwandikia namba. Redio huteremshwa katika shimo moja jembamba lililotobolewa mwambani na kurusha mawimbi. Katika shimo la pili unasikiliza kilichopita. Mwamba mkavu huyaachia yapite. Mwamba uliolowa maji huyameza. Siku ile yalipita safi toka juu hadi chini. Baba akatia sahihi: pakavu, wachimbaji wa mgodi wapasue njia huko chini Jumatatu.

Jumapili, nyumbani Katuba, bukari, ugali wetu, bado ya moto, kidole changu cha mguu kiliuma.

"Papa, ile waya ya kule ilikuwa ya nini?"

"Waya gani?"

"Ya mu majani. Iliingia mu mashimo yote mbili."

Tonge lilisimama hewani. "Na haukuandika?"

"Karatasi haikuwa na nafasi yake."

"Mwana ya université!" mama alicheka. "Anangojea karatasi imuulize!"

Baba hakucheka. Mawimbi yalikuwa yametembea juu ya chuma cha waya, toka shimo hadi shimo. Mwamba wenyewe hatukuusikia hata kidogo, na nyuma yake huenda kulikuwa na maji ya kuzamisha watu.

Jumatatu alfajiri tulisimama ofisini mbele ya mkubwa wa mgodi.

"Muzee, bantu bamekwisha kushuka. Unaniambia leo?"

"Ni leo najua, chef. Bapande. Tupime tena."

"Contrat yako inaisha mwezi huu. Nilitaka kuiongeza. Sasa muntu haone waya…"

"Ni mimi niliiona," nilianza.

"Nyamaza, mama," baba aliniambia taratibu, kama anavyoniita mimi bintiye tangu utotoni. "Sahihi ni yangu." Akaomba ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akalikata jina lake kwa mstari mmoja.

Mkubwa akainua simu. "Bantu bapande. Bote." Akaiweka chini. "Wewe, Muzee, enda upumzike. Mutoto abakie, atuonyeshe ile waya."

Baba alivaa kofia. Alipapasa kitasa mara mbili kabla ya kukipata. Akatoka, na karani wa mkubwa akafunga mlango nyuma yake.