Kadi ya 1922

Mume wangu, Orrin Maddox, alikuwa mpima ardhi wa kaunti kwa miaka thelathini na minne. Mpima ardhi huanzia kwenye jiwe la mpaka, huzunguka shamba zima akiandika pembe na urefu, kisha hurudi kwenye jiwe lile lile. Hesabu ikikataa kumrudisha alipoanzia, husema haijafunga, na lazima azunguke upya. Orrin aliwahi kukosa mlo wa Krismasi kwa ajili ya futi mbili zilizopotea juu ya kilima ambacho hata mwenye shamba alikuwa hakilimi.

Watoto wetu watatu tuliwasomesha hapa hapa nyumbani, enzi ambazo majirani waliona hiyo ni kazi ya watu wenye wazimu kidogo. Mimi nilikuwa na shahada ya Kilatini, kwa hiyo lugha na fasihi vilikuwa vyangu. Historia ya Marekani ilikuwa yake. Alifika saa kumi na moja jioni na matope kwenye buti, akanawa, akafungua kitabu cha mwalimu mezani jikoni, mkate wa mahindi ukiwa bado unafuka kwenye kikaango cha chuma. Kwenye korido ya kuelekea vyumbani alibandika karatasi ndefu yenye miaka yote, na kila somo lilipoisha, kadi moja ilipanda ukutani. Za taifa zilikuwa nyeupe, za kaunti yetu manjano.

Kadi moja ya manjano ina mwaka peke yake: 1922. Chini yake hakuna neno. Watoto walidhani baba yao aliisahau. Orrin hakuwa mtu wa kusahau.

Amefariki miaka sita sasa. Mjukuu wetu Delphia ana miaka kumi na sita, na huu ndio mwaka wake wa kusoma historia ya Marekani, la sivyo cheti chake cha sekondari hakitatimia. Mama yake, Roslyn, ni muuguzi, na zamu zake hazitabiriki. Akanikabidhi mimi.

"Mama, chagua mtaala unaoutaka mwenyewe," aliniambia. "Ila uwe umepatikana kabla Juni haijaisha, nakuomba."

Kwangu mimi hakukuwa na cha kuchagua. Kitabu cha Orrin kipo kwenye rafu, na pembeni mwa kila ukurasa kuna penseli yake. Nilitaka mwaka mmoja zaidi wa kukaa naye mezani. Hilo silionei haya.

Delphia alikuwa na mawazo mengine. Kila Mei familia zinazosomesha nyumbani hukutana kwenye ukumbi wa kanisa na kuuziana vitabu walivyomaliza. Alinivuta moja kwa moja hadi meza ya Lurline Pruitt, rafiki yangu wa siku nyingi, aliyesomesha watoto saba.

"Verna! Umekuja kununua au kukagua wenzako?"

"Kukagua. Naona bado unapanga vitabu kama viazi."

"Viazi vinalisha watu, dada. Kilatini chako kimemlisha nani?"

Delphia hakutusikiliza. Alikuwa ameshikilia boksi la buluu. Ndani hamkuwa na kitabu kinene, mlikuwa na barua za watu wa zamani, hukumu za mahakama, kurasa za magazeti, na maagizo ya mwalimu. Muhula wa mwisho mwanafunzi huchagua mwaka mmoja, huenda kwenye nyaraka za kaunti yake mwenyewe, na kuandika alichokikuta.

"Bibi, hii hapa. Hii ndiyo naitaka."

"Hiyo ni ya watoto wasioweza kumaliza kitabu. Karatasi, karatasi."

"Mbona cha Babu ndicho kina picha ya ndege tai wa taifa kila baada ya kurasa mbili?"

"Babu yako mwache."

"Namtania tu. Yeye angecheka."

Kweli angecheka.

"Binti yangu wa nne alisoma hiyo," Lurline akadakia. "Alichagua mwaka wa mgomo wa wachimba makaa. Mahakamani kuna sanduku zima, na majina yote ya..." Akanitazama, akaanza kunyoosha vitabu ambavyo havikuwa vimepinda. "Yaani, lina vumbi sana."

Babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mkuu wa polisi wa kaunti, aliitwa Emmett Stallard. Picha yake iko maktaba ya mji, masharubu yamechanwa vizuri, na chini yake imeandikwa kwamba alilinda amani wakati wa mgomo. Nilikua nikipita chini ya picha ile nikiwa nimenyoosha mgongo. Nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo kikuu, nilikwenda mahakamani kutafuta hati ya kiwanja chetu, nikapewa sanduku lisilo lenyewe. Mlikuwa na orodha ya familia arobaini na moja zilizotolewa kwenye nyumba za kampuni ya makaa mwezi wa Februari 1922, theluji ikiwa magotini, pamoja na umri wa watoto wao. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi. Mwandiko ule niliujua, ndio ulioandika kuzaliwa kwa baba yangu kwenye Biblia yetu.

Nilifunga sanduku. Nilimwambia Orrin peke yake. Alipofika kwenye sura ya mgomo na mtoto wetu wa kwanza, nilimwambia airuke.

"Una hakika, Verna?"

"Watoto hawa sina mali ya kuwaachia. Nina jina."

Akairuka. Kwa mtoto wa pili akairuka tena, na wa tatu, bila kuniuliza mara ya pili.

Basi nilimwondoa Delphia pale ukumbini mikono mitupu, amenuna. Nyumbani nilimkatia mkate wa mahindi, nikamwekea na siagi ya tufaha, nikafungua kitabu cha Orrin ili ajionee mwenyewe. Alianza kusoma maneno ya penseli kwa sauti nzito ya kuigiza.

"'Mwulize Roslyn kwa nini walimwaga chai ya Waingereza baharini. Usimwambie. Mwache ahangaike.' Masikini Mama! 'Hapa leta ramani. Leta na biskuti.' Bibi, Babu alikuwa anafundisha au anakula?"

"Vyote."

Nilicheka hadi nikafuta macho. Kwa nusu saa ile Orrin alikuwepo jikoni, na nilijua nimeshinda. Kisha msichana akageuza kurasa kadhaa kwa pamoja, akafika kwenye sura ya mgomo.

"'Haifungi. Nimemwachia Verna.'" Hakuigiza sauti. "Bibi, nini hakifungi?"

Sikuwahi kuiona sentensi ile. Nilikuwa na kitabu hicho miaka sita na sura hiyo sikuifungua, kwa sababu ni mimi niliyeifunga. Ningeweza kumwambia ni hesabu ya shamba la mtu. Angeniamini.

"Kaa chini," nilimwambia, ingawa alikuwa amekaa.

Nilimweleza yote. Hakula tena.

"Yule wa maktaba? Mwenye masharubu?"

"Huyo huyo."

"Mama anajua?"

"Hajui."

Akasukuma sahani pembeni. "Na wale watu walikwenda wapi? Na theluji yote hiyo?"

Nina shahada ya chuo kikuu. Nimeitunza habari hii zaidi ya miaka hamsini, na swali hilo sikuwahi kujiuliza hata siku moja.

"Sijui," nikasema.

"Basi mimi nataka kujua."

Nilimpigia Lurline simu.

"Lile boksi la buluu, limeshachukuliwa?"

"Liko chini ya meza yangu tangu ulipotoka mlangoni. Nilikuona unavyotembea, Verna. Mtu asiyetaka kitu hatembei vile."

Jioni ile ile nilimweleza Roslyn, akiwa bado na sare ya hospitali. Alilia kidogo, akauliza kama picha itaondolewa maktaba. Nilimwambia iachwe ining'inie, lakini maandishi ya chini nitaomba yabadilishwe, na barua nitaandika mimi, Stallard wa kuzaliwa, si mtu mwingine. Kama jina letu litasemwa, litatoka kwanza kwenye mdomo wetu.

Kitabu cha Orrin nimekirudisha kwenye rafu. Delphia alisema tunaweza kuwa tunakichungulia Ijumaa, na ni wema wake, lakini haitakuwa sawa. Septemba tutakaa na barua za watu nisiowajua, na pembeni hapatakuwa na penseli.

Kadi ya manjano niliibandua leo. Tarakimu ni zake, mbili zina mikia mirefu kama alivyozoea. Nikaandika chini yake: Emmett Stallard aliweka sahihi. Familia arobaini na moja. Mwandiko wangu umebanana, haufanani na wake hata kidogo.

"Bibi, umebakiza nafasi kubwa," Delphia alisema akiibandika tena.

"Ni ya kuandika walikokwenda."

Akaenda zake kuoga. Mimi nilibaki pale koridoni mpaka saa kumi na moja, saa ya buti za Orrin mlangoni.