Redio ya Marehemu Baba Niliyoitangaza Imekufa Bila Kuifungua

Wakuu, salaam. Ninayoyaandika hapa yananishushia heshima, na hiyo ndiyo dhamana pekee niliyo nayo kwamba ni ya kweli.

Nilifundisha shule ya msingi Lusangi, huku Kabambare, mashariki mwa Kongo, kwa miaka kumi na saba. Nilikuwa mkali. Mtoto aliyebuni jibu badala ya kusema "sijui" alionja fimbo yangu.

Nilipofikisha miaka arobaini na mmoja niliacha chaki, nikaenda Lubumbashi kusomea uhandisi wa umeme. Wenzangu darasani waliniita Papa, yaani baba, kwa umri wangu. Hesabu za saketi nilizipenda mno.

(Niseme wazi: miaka miwili ya kwanza tulichora saketi ubaoni tu. Bisibisi sikuishika.)

Likizo ya mwaka wa pili nikarudi nyumbani. Mama alikuwa ameniwekea beseni chini ya kitanda: tochi, chaja, taa za sola, vitu vibovu vya majirani vikimsubiri mwanawe. Juu kabisa, redio ya marehemu baba. Tangu miguu imkatae kwenda kanisani, Mama aliifuata misa kwa redio hiyo.

"Ingénieur wangu," akasema, "anza na hii ya baba yako."

Nikatia betri mpya. Kimya. Nikaigeuza, nikaitikisa. Majirani walikuwa mlangoni wakinitazama.

"Imekufa, Mama. Kifaa cha ndani kimeungua, na hakipatikani tena."

Niliyasema hayo bila kulegeza skrubu hata moja.

Mama hakubisha. Aliifunga redio kwa kitenge, polepole, kama anayemfunika mtoto mchanga.

Jumapili nilimkuta ameketi kando ya ukuta wa jirani, chini ya dirisha, akiifuata misa ya redio ya watu kwa sauti ndogo. Chakula cha siku ile kilinishinda.

Kesho yake nikapanda pikipiki hadi Kasongo, redio mapajani. Sokoni kuna fundi aitwaye Ramazani. Nilimfundisha darasa la nne, na nilimchapa kuliko wote. Aliifungua, akakwangua kwa wembe kutu iliyojificha ndani, nyuma ya springi ya betri. Redio ikasema.

"Mwalimu, wewe uliifungua hii?"

"Sikuifungua."

"Na Mama ulimuambia nini?"

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta hela ya kumlipa.

"Eeeh, Mwalimu! Ile fimbo iko wapi, leo nikurudishie?"

Alicheka mpaka muuza samaki wa karibu akauliza kuna nini.

Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno ya kumfanya Mama aamini kwamba mikono yangu ndiyo iliyoiponya. Yalikuwa maneno mazuri.

Nilipofika, beseni lilikuwa tupu. Jirani akanipa pole ya homa. Homa gani? Mama alikuwa amerudisha kila kitu kwa wenyewe, akiwaambia: "Mutoto yangu iko na homa, ameenda Kasongo kutafuta dawa."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akidanganya. Alikuwa ananisitiri.

Nikamwomba jirani abaki asikie.

"Mama, redio haikufa. Ilikuwa kutu tu. Sikujua, nikaogopa kusema. Ameitengeneza Ramazani."

Mama aliiweka redio sikioni kwanza.

"Nilijua," akasema. "Macho yangu iko mazima, Papa. Hata skrubu moja hukugusa. Kesho urudi kwa Ramazani, akufundishe. Beseni nitalijaza tena."

Likizo iliyobaki nilikaa mezani kwa Ramazani, nikimwita fundi, naye akiniita Mwalimu.

Nilichojifunza ni hiki: msomi asiyethubutu kusema "sijui" huwalazimisha wanaompenda waseme uongo kwa niaba yake. Hilo ni deni la roho, wakuu.

Nanyi mliosomea umeme, au ufundi wowote: ni kifaa gani kiliwashinda mbele ya mama zenu, na mliwajibu nini? Andikeni bila haya.

Mimi naandika haya nikiwa likizo tena. Beseni limejaa, Mama anasikiliza redio chumba cha pili, na amesema nisikawie.