Vidonge vya Tantine Feza

Siku ile zipu iliponishinda, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na ukitaka kucheka cheka tu, maana hata mimi nacheka. Tulikuwa Nyabiondo kwa fundi wa nguo, wanawake wote wa ukoo, tukijaribu robe, magauni ya kikwembe cha aina moja, tuliyoshonesha kwa ajili ya ndoa ya mdogo wangu. Wenzangu walivaa, wakazunguka. Mimi nikavuta pumzi, fundi akavuta zipu, binamu yangu akasukuma kwa goti. Wapi!

Unajua kwetu. Nilikuwa nimetoka kuzaa mtoto wa tatu, na mzazi wa Masisi halishwi kwa kijiko: uji asubuhi, maziwa mchana, foufou ya muhogo jioni, na mama mkwe amesimama mlangoni kuhakikisha sahani imebaki nyeupe. Mke mnene ni sifa ya mumewe. Lakini siku ile sifa iligoma kuingia kwenye nguo, na ndoa ilikuwa imebakiza wiki tano.

Sasa, shangazi yangu, Tantine Feza, aliyenilea tangu mama yangu afariki, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Madaktari wa Goma walimpa vidonge vya kumeza kila siku, na tangu aanze kuvimeza alikuwa amepungua kidogo. Akili yangu, ile akili ya mtu anayejiona mjanja, ikasema: njo hii, ndiyo hii, dawa ya kumaliza mafuta! Nikamfuata jikoni.

"Tantine, nipatie basi bidonge yako kidogo, nipunguze hii tumbo."

Akaniangalia, akacheka. "Weye hauna sukari, unameza ya nini?"

"Kidogo tu, Tantine. Mpaka ndoa."

Kwetu, mwanangu, kumnyima mtoto uliyemlea ni jambo zito. Tumezoea hivyo: kolokasi moja, gimbi moja tu, inakatwa, kila mtu na kipande chake. Basi vidonge navyo akavigawa vivyo hivyo, kimoja chake, kimoja changu, nami nikidhani tutafaidika wote. Mimi nilipata nini? Kuhara, bwana! Nilijua kila njia ya mkato ya kwenda chooni. Tumbo lenyewe likabaki pale pale, limetulia kama mgeni aliyenogewa.

Wiki ya tatu tulikwenda kuvuna maharagwe. Nikageuka, Tantine hayupo nyuma yangu. Nilimkuta amekaa katikati ya njia, midomo imekauka, ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Niliogopa, nisikudanganye. Nikasimamisha pikipiki, akakaa kati yangu na dereva, nikamkumbatia mpaka kituo cha afya.

Muuguzi wa pale, mzee mkali ambaye sote tulimwita Papa Dokta, akampima damu, akamtundikia chupa ya serumu. Tantine alipopata nafuu, Papa Dokta akamuuliza: "Mama, bidonge unakunywaka yote?"

"Yote, Papa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alisema hivyo bila kunitazama. Papa Dokta akakuna kichwa. "Kama uko nakunywa yote na sukari iko juu hivi, basi ile dawa imeshindwa. Tutakutuma Goma, bakubadilishie ya nguvu zaidi."

 Hapo nikaona Tantine angepewa dawa kali kwa sababu ya uongo wa kunifichia aibu. Na chumba kilikuwa kimejaa wanawake ninaowafahamu, wengine wa kwaya yetu. Nikafumba macho, nikasema: "Papa, nusu nilikunywa mimi."

"Kwani weye uko na sukari?"

"Hapana, Papa. Niko na robe ya ndoa."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mama, nguo ya kuazima haisitiri matako, na dawa ya kuazima njo mubaya zaidi. Na tena unanyonyesha!"

Hilo lilinichoma, ingawa mtoto, namshukuru Mungu, hakudhurika. Akanipandisha kwenye mizani, akanipima presha, akanieleza kwamba unene nao una matibabu yake. Wengi inawatosha kupunguza chakula na kutembea. Wengine daktari huwaandikia dawa, lakini baada ya kuwapima damu, moyo na figo. Wachache sana, walioelemewa kabisa, hupasuliwa tumbo katika hospitali kubwa za mbali. "Lakini njia yako haichaguliwi na kioo ya fundi," akamaliza.

Yangu ikawa sahani ndogo na kupanda mlima kwa miguu badala ya pikipiki. Kilo zilitoka polepole, zikinung'unika. Kwa ndoa, fundi aliongeza vipande viwili ubavuni, nikacheza kuliko bibi harusi.

Tantine alirudia vidonge vyake vyote, sukari yake ikashuka. Siku tuliyotoka kituoni nilimuuliza kwa nini alinigawia vidonge kisha akadanganya, ilhali angeweza kufa.

"Niliogopa kukunyima kuliko kufa, mutoto wangu."

Nililia pale pale barabarani, watu wakipita.

Basi, mwanangu, mwili ukikuelemea usione haya. Nenda kapimwe, uliza, mwambie muganga wa hospitali ukweli wote, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Usimeze cha jirani, wala usimgawie chako. Na zaidi ya hayo shika hili: usimwombe anayekupenda kitu kinachomweka hai, kwa sababu atakupa. Mungu akujalie miguu ya kupanda milima yetu, akujalie watu wa kukupenda namna ile, na akili ya kuwatunza kabla hawajaanguka njiani.