Mtoto wa Kadi ya Posho

Mambo yaliharibika Jumamosi, familia mbili zilipokaa sebuleni kwetu kuzungumza posa ya binti yangu. Shangazi wa kijana, mwanamke wa mtaa wa Shituru mwenye sauti ya sokoni, alikuwa anaeleza ukoo wao: watu wa Kasai, kama sisi. Babu wa kijana, ambaye sasa ni marehemu, alikulia kambi ya wafanyakazi wa machimbo, nyumba ya pembeni karibu na bomba la maji. Alipokuwa kijana alipanda treni kurudi Kasai; watoto wake ndio waliokuja huku tena.

Baba yangu, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na huwa anasinzia kwenye mikutano, akainua kichwa.

"Nyumba ya pembeni? Ile njo yetu." Akataja jina la kaka yake mkubwa aliyeondoka kwa treni, asirudi.

Shangazi akaweka glasi chini. Lilikuwa jina lile lile.

Kwetu wajukuu wa ndugu hawaoani. Binti yangu alikuwa anatazama mlango. "Mama," shangazi akaniambia, "tunakupatia juma moja, uangalie muzuri. Kama ni bandugu, harusi hakuna."

Kazi niliachiwa mimi, kwa kuwa nilifanya kazi redio ya mtaa miaka mingi, na watu huamini kwamba aliyewahi kushika maikrofoni anajua pa kuuliza.

Nilianza na sanduku la bati la baba. Ndani yake mlikuwa na kadi ya posho ya babu, ile ambayo kampuni ilimpa kila mfanyakazi ili achukue unga wa bukari, yaani ugali, wa watu wa nyumbani kwake. Watoto sita waliandikwa chini ya jina la babu. Wa tano, kaka aliyeondoka. Wa sita, baba yangu. Mwandiko mmoja, muhuri mmoja. Binti yangu aliisoma mara moja, akanirudishia, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kumbukumbu. Karani aliniambia mafaili ya zamani ile yaliliwa na maji ya mvua. Nikarudi nyumbani nikafungua simu. Kwenye tovuti za kutafuta ukoo nilipoandika jina la mji, na jina lake la zamani pia, walitokea wahandisi Wazungu, wake zao, hata tarehe za meli walizokuja nazo. Waliochimba hawakuwemo.

Ndipo nikaingia kundi moja la Facebook la watu waliolelewa kambini. Niliweka picha ya kadi, majina nimeyafunika kwa kidole. Wengi walijibu kwa kukumbuka unga na samaki wakavu. Mzee mmoja wa Lubumbashi aliandika: "Dada, usiamini ile karte. Kwetu tuliandikwa saba, na mama alizaa ine tu." Akaeleza. Posho ilifuata hesabu ya watoto. Mwenzako akifa, au akifika peke yake bila ruhusa ya kukaa na familia, mtoto wake unamwandikisha kwako kama wako, na hakuna anayeuliza. Waliitwa batoto ba posho.

Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama. Basi huenda yule kaka alikuwa mtoto wa kadi tu! Sikuweza kukaa chini siku hiyo, wala siku iliyofuata.

Alhamisi nilikuwa parokiani. Mama katibu alinipa fomu, nikajaza majina yote mawili, la kaka yake baba na la baba, kwa mazoea tu ya kutoacha mstari mtupu. "Rejista ya ubatizo haitoki humu, na picha hapana," akasema.

Tulimpata kaka. Baba yake: babu yangu. Mama yake: bibi yangu. Mtoto wa kuzaa kabisa. Nikachukua mkoba wangu.

"Mama, unaenda wapi? Fomu iko na majina mbili," katibu akasema. "Miye siweki sahihi kwa nusu."

Akafunua kurasa, akanisogezea kitabu. Mbele ya jina la baba yangu, kwenye safu ya baba, palikuwa na mtu nisiyemjua, mfanyakazi wa machimbo ya Kakontwe. Mama: marehemu. Jina la babu yangu lilikuwa safu ya mwisho, msimamizi wa ubatizo.

Sasa binti yangu angeweza kuolewa. Nilitembea hadi nyumbani nikijirudia hilo, na kila hatua nilipunguza mwendo.

Baba alikuwa uani, anakata kucha kwa kisu. Nilimsomea kutoka kwenye daftari.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Miye siko mutoto wake?" Akatazama mikono yake. "Nilimuzika. Njo miye nilishika musalaba mbele."

"Papa, tunaweza kusema tu kwamba sio ndugu. Si lazima waambiwe ni nani."

"Watawaza mutoto wa posho ni mukubwa wangu. Muntu amekufa, na bajukuu wake watamuona mugeni mu nyumba ya baba yake?" Akakunja kisu. "Hapana. Nitasema miye."

Jumamosi alisimama kabla hajaambiwa. "Mutoto wa posho njo miye," akasema, akawasimulia ya kadi na ya rejista.

Shangazi alimtazama, kisha akapiga makofi. "Kumbe weye njo ulikula bukari yetu!"

"Na samaki," baba akajibu. "Na nilikuwa naomba kuongeza."

Nyumba nzima ikacheka. Binti yangu alicheka akilia. "Basi tuendelee na posa," shangazi akasema, bado yuko kwenye mzaha. "Ita bandugu yako ya kweli, tuongee nabo!"

Baba akageuka kutazama nyuma ya kiti chake, kama mtu aliyeitwa. Ukutani palikuwa na kalenda tu. Akakaa.

Harusi imepangwa. Jina la yule mtu wa Kakontwe nimeliweka kwenye kundi, safari hii bila kulifunika. Baba, ambaye hakuwahi kupenda simu, huniuliza kila asubuhi kama kuna mtu amejibu. Leo ameuliza kabla ya chai. Nilipomwambia bado, alinyoosha mkono nimpe simu, akaishika kinyume, akaitazama.