Kitanzi na Mtoto wa Sita

Baada ya mtoto wa tano, mimi na mume wangu tulikubaliana kwamba wametosha. Tulikuwa tunaishi Igowole, yeye akifanya kazi kwenye mashamba ya chai, mimi nikilima mahindi. Nikapanda basi hadi Iringa, muuguzi akaniwekea kitanzi cha kuzuia mimba.

"Damu itaongezeka kidogo," alisema. "Tumbo nalo litauma kidogo. Kila ukimaliza siku zako, jipapase ndani uone kama uzi wake upo."

Sijui kidogo hicho alikipima kwa kipimo gani. Vitambaa viliisha, nikahamia kwenye kanga kuukuu, kisha kwenye kanga nzima. Tumbo lilinikata kama uchungu wa kuzaa. Nikiinama kupalilia, kizunguzungu. Kanisani nilivaa nguo nyeusi na kukaa karibu na mlango, majirani wakaja kunipa pole ya msiba.

Mama mkwe, ambaye hakuambiwa lolote, alinipikia maini na majani ya maboga.

"Mwanangu," akasema, "hili ni jicho la mtu."

Nikala maini.

Mume wangu naye alikuwa na lake. Asubuhi moja aliweka kikombe chini. "Mama watoto, huo uzi unachoma."

"Pole."

"Hauwezi kupunguzwa?"

"Nenda ukawaambie."

Hakwenda.

Kisha mwezi mmoja damu haikuja. Nikafurahi kwamba mwili umezoea. Nilipotafuta uzi, sikuupata, nikarudi Iringa. Muuguzi yule yule alinipima, akanawa mikono, akavuta kiti.

"Mama, kitanzi kipo. Na mtoto yupo."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Uzi umepanda juu, siwezi kukitoa. Mimba inaweza kuharibika. Tuombe Mungu."

Niliibeba kwa woga. Mara kadhaa niliona damu, nikajua mimba imekwisha, nikalala chali nikisubiri. Haikuisha. Alizaliwa kule kule Iringa, msichana mzima, mwenye hasira. Kondo la nyuma lilipotoka, kitanzi kilikuwa kimenasa humo. Mkunga alikiosha akanionyesha. Kijijini walisema mtoto alizaliwa amekishika mkononi. Si kweli. Uvumi huo aliuanzisha mume wangu, na kila aliposimulia alionekana kumwonea fahari binti yake.

Kabla sijatoka wodini, muuguzi yule wa kitanzi alikuja kunisalimia.

"Tukuwekee kingine?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Nipe vidonge," nikasema.

Vidonge vilinitia kichefuchefu, nikavimeza hivyohivyo. Sikuzaa tena.