Motokari Niliyoinywea Kabla ya Kuinunua

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, na nikiikumbuka kichwa bado kinanizunguka. Nilikuwa nimesimama katika duka la magari, kwenye barabara ya kwenda Luano, mbele ya mtu aliyekubali kila neno nililosema na akakataa kunipunguzia hata franga moja.

Lakini ngoja nianze mwanzo. Jana nimeona ile picha uliyoweka kwa statut ya simu yako. Umesimama karibu na gari jeupe, mkono juu ya bodi, umeandika "Mungu ni mwema". Baba yako, ambaye ni ndugu yangu, ananiambia hata bei hamjapatana na mwenye duka. Sikugombezi. Mimi nilifanya ujinga mkubwa kuliko huo, ila zamani zile picha za simu hazikuwa nyingi, kwa hiyo nilitumia bia.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Kazi yangu ilikuwa kuwauzia watu wa migodi viatu vya kazi na kofia ngumu, na wakati ule shaba ilikuwa juu, kila mtu hapa Lubumbashi alitembea kifua mbele. Nilikuwa karibu kumwoa Bea, mke wangu huyu, tantine wako unayemjua. Pesa nilikuwa nayo ya mambo mawili: motokari, na garanti ya nyumba, ile miezi ya kodi ambayo mwenye nyumba anaitaka yote mbele kabla hajakupa ufunguo. Nikipunguziwa motokari, vyote viwili vinatosha. Nisipopunguziwa, kimoja kinakufa. Na nyumba ikifa, Bea anaanza ndoa yake katika chumba cha nyuma kwa mama yangu, mlango wake pazia.

Sasa hiyo motokari! Nyekundu, milango miwili, chini kabisa, gari la mbio. Haikuwa mpya, lakini kuchoka pia ilikuwa bado. Duka lilikuwa linaitumia kwa kuwaonyesha wanunuzi: kila mwenye hamu anapewa usukani, anakwenda nayo mpaka uwanja wa ndege wa Luano na kurudi. Nami nilipewa. Mwuzaji alikaa pembeni yangu, kijana mwenye kucheka sana, jina lake Trezor. Tulipofika Luano moyo wangu ulikuwa umeshalipa. Nikamwambia kwa furaha, "Trezor, Jumamosi ninaaroze. Kuya na weye!"

Desturi yetu unaijua. Kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu, sharti kinywewe kwanza. Ukinunua hata kiti, jirani atakuuliza utaaroze lini, na utamtafutia chupa. Lakini desturi inasema kitu ulichonunua, mwanangu. Mimi niliaroze kitu ambacho bado kilikuwa dirishani kwa mwenyewe.

Jumamosi ile nilikodi viti, nikaagiza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, mpaka moshi ukajaa barabara. Walikuja majirani, wakaja wateja wangu, wakaja kaka zake Bea, na wengine sijui waliitwa na nani. Penye wengi pana mengi. Trezor alikuja na shati jeupe, akala, akacheza, kisha akasimama na kilauri mkononi: "Kwa motokari ya patron, na kwa bibi harusi atakayetokea nayo kanisani!" Watu wakapiga makofi. Nami nikacheka moyoni. Usinione nilikuwa mjinga bila hesabu. Nilifikiri hivi: mtu aliyekula nyama yangu ataona haya. Jumatatu atanipunguzia mwenyewe.

Jumatatu nikaenda, na baba yake Bea akanisindikiza. Muzee Kabange, mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache na misa ya kwanza kila Jumapili. Alisema anataka kuona kitu ambacho mtoto wake atapanda siku ya harusi. Alipoiona akaizunguka pole pole.

"Milango ni mbili tu?" akaniuliza. "Mama yako atapitia dirishani?"

Nikajifanya sikusikia. Nikainama kuangalia chini ya gari, goti katika vumbi, na yeye juu yangu akasema, "Ndiyo, mutaka cha mvunguni sharti ainame." Nilitamani akanisubirie nje.

Basi nikaanza kazi. Nilikuwa nimejitayarisha, maneno yangu yote ya haki. Nikamwonyesha Trezor tairi za mbele zimeanza kulika. Akaangalia, akasema, "Iko kweli, patron." Nikamwonyesha bodi ya chini imekwaruzwa na tuta la barabara. "Iko kweli." Kiti cha shofa, pale kwenye usukani, kimeshaanza kukunjamana. "Kweli kabisa, patron, uko na macho." Nikasema, basi, motokari iliyopandwa na watu wengi hivi haiwezi kuwa na bei ya ile ambayo haijapandwa na mtu.

"Iko kweli," akasema Trezor, na kicheko chake kilekile cha Jumamosi. "Lakini beyi iko ileile."

Nikachanganyikiwa. Nilirudia, nikifikiri labda hakunifahamu. Akakubali tena yote. Nikakasirika kidogo, akaniletea soda ya baridi. Nikamkumbusha michopo, akashika kifua: "Patron, ile nyama ilikuwa tamu, asante sana!" Na bei haikusogea. Mtu akikukatalia, unajua la kufanya: unabishana, unamshinda au anakushinda. Lakini mtu anayekukubalia na bado anakataa, unamshika wapi? Nilihisi kama ninasukuma mlango usio na ukuta. Nikaanza hata kujiuliza kama ni mimi ndiye nisiyejua Kiswahili.

Kilichobaki ni kulipa. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia katika koti, kwenye pesa ya nyumba. Nakuambia kweli, niliona aibu na niliogopa, na bado mkono uliingia. Ndipo Muzee Kabange akanishika kiwiko, akamwambia Trezor, "Utatusamehe kidogo, mutoto yangu," akanitoa nje mpaka kwenye jua.

"Huyu kijana alikunywa kwako?"

"Alikunywa, baba. Alikula pia. Ndiyo maana sielewi! Mtu namna gani huyu?"

"Namna ya mutu mwenye akili. Weye ulimwita yeye mwenyewe, ukamukalisha kwa kiti, ukamwonyesha bantu bote benye batakucheka ukikosa hii motokari. Sasa akupunguzie ya nini? Anajua hauna pa kwenda."

Mwanangu, hapo nikafumbuka macho. Nilidhani nilimlisha ili anionee haya, kumbe nilimlisha na siri yangu. Nikasema kwa sauti ndogo, "Lakini baba, watu wameshakunywa. Watasema nini?"

"Batasema," akajibu muzee. Akafuta jasho la shingo kwa kitambaa. "Kisha batachoka. Lakini mutoto yangu akilala kwa pazia, shida yake haitaisha kesho."

Alikwenda kusimama kivulini na kuniacha na akili yangu, au na kile kidogo kilichobaki. Nikarudi ndani, nikamwambia Trezor hapana, asante. Alicheka. "Utarudi, patron." Hata mimi sikujua kama nitarudi. Siku ileile nikapeleka garanti kwa mwenye nyumba, haraka, kabla moyo haujageuka.

Usidhani nilipona aibu. Siku ya ndoa tulitoka kanisani katika pikapu ya zamani ya muzee, imefungwa utepe mweupe, inakohoa. Vijana wale niliowanywesha wakapiga kelele barabarani: "Ee bwana harusi! Ile nyekundu iko wapi?" Nilitaka kuzama kwenye kiti. Bea akatoa mkono nje ya dirisha, akautikisa juu, na mkononi mwake kulikuwa na ufunguo.

"Ile nyekundu haina jiko!" akawapigia kelele. "Hii hapa njo nyumba!"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka kona. Nami nikalia, na usimwambie mtu.

Sasa sikiliza kitu ambacho hadi leo sikielewi vizuri. Baada ya muda, Trezor akanipigia simu. Motokari bado ilikuwa dirishani, watu wanaipanda mpaka Luano, wanarudi, wanashukuru. Akaniuliza kama bado ninaipenda. Nikasema ninaipenda, ila nalala vizuri. Nikarudia maneno yaleyale: tairi, bodi ya chini, kiti. Maneno yaleyale, mwanangu, sikuongeza hata moja! Safari hii akahema, akataja bei ya haki, tena kabla sijaiomba. Nikaomba na matabishi, maana mnunuzi wa huku haondoki bila kuongezewa kitu, akanipa tairi mbili mpya. Nilipokata simu nikamwuliza Bea, nimefanya nini leo ambacho sikufanya siku ile? Akasema, "Hakuna. Leo hauogopi."

Kwa motokari ile sikumwita mtu. Tuliiaroze wawili, ndani ya uzio wetu, kwa soda moja. Muzee Kabange alikuja kesho yake, akaingia, magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Iko muzuri. Sasa munisaidie kutoka."

Basi haya ndiyo ninayotaka ushike. Punguzo la haki lipo: kitu kilichotumika kina bei ya kitu kilichotumika, na ukiomba hilo humwibii mtu. Usiombe zaidi, maana mwuzaji naye ana watoto. Lakini haki yako haitasikika kama umeshajifunga miguu mwenyewe. Kutangulia si kufika. Usinywe kitu kabla hakijawa chako, wala usimwite mwuzaji kwenye furaha yako akahesabu wageni. Na kabla hujaingia dukani, ujiulize polepole: je, ninaweza kutoka hapa mikono mitupu na nikalala usingizi? Kama jibu ni hapana, rudi nyumbani kwanza, mwanangu, bado hujawa tayari.

Mungu akupe macho ya kuona tairi iliyolika, na ulimi wa kusema hapana bila hasira. Akupe mwenzi wa kutikisa ufunguo dirishani siku watu watakapokucheka. Ulale katika nyumba yenye mlango, wewe na watoto wako.

Sasa kafute ile picha. Na siku gari litakapokuwa lako kweli, uniite. Michopo nitalipa mimi.