Darubini Iliyopindua Nyumba

Kwa miezi mizima ya ujana wangu niliamini kwamba nyumba yoyote ikitazamwa na darubini ya wapima barabara hupinduka kwanza ndani ya kioo, kisha mwezi haupiti kabla haijapinduka kweli. Habari hiyo niliipata kwenye foleni ya bomba la maji, mahali ambapo uongo haukuwahi kukosa mteja. Lakini mimi sikuwa wa kumeza maneno ya bombani bila kuyahakiki. Nilikuwa msomi wa shule ya jioni. Basi siku moja wapimaji walipoketi kunywa uji, nikainyatia ile darubini ya miguu mitatu, nikafumba jicho moja, nikachungulia. Loo! Mtaa wetu wote wa Makongeni ulikuwa juu chini. Mabati chini, ardhi juu, na mama mmoja akitembea angani kwa kichwa, karai lake limejaa maji na halimwagiki hata tone. Nilirudi nyumbani mbio ambazo, kama zingepimwa, ningepewa medali.

Wakati huo daraja lilikuwa moja tu kati ya mitaa yetu na viwanda. Lilikuwa jembamba hivi kwamba lori likipita, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi walijibandika kwenye ukingo kama mabango ya uchaguzi. Sasa lingejengwa la pili kando yake, na barabara ipanuliwe hadi ikutane na Jogoo Road. Kila mtu alishangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia, mpaka vigingi vyenye vichwa vyekundu vilipopigwa hatua kumi kutoka mlangoni petu.

Tuliishi ukingoni mwa mto, baba na mimi, katika kibanda cha mbao na mabati ya madebe. Nusu yake ilikuwa chumba na nusu karakana. Baba alikuwa mchongaji kutoka Ukambani. Vifaru na twiga aliowatoa kibandani humo wangejaza mbuga mbili, na simba wakakosa pa kulala. Alikuwa na gogo moja la mpingo ambalo alikuwa amelitunza miaka mingi, akisubiri kujua kuna nini ndani yake. Hatukuwa na kingine. Kibanda kikienda, karakana ingekwenda nacho, na mchongaji asiye na mahali pa kupigia tezo ni mzee tu mwenye mikono migumu.

Nilimweleza niliyoyaona kiooni. Baba hakucheka. Aliniuliza kama ni lazima nyumba ionekane ndipo ipinduke. Hapo elimu yangu ikapata nafasi yake. Wiki ileile mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka na haupenyi nguo nzito. Nikamwambia baba dawa ni mashuka. Akasema, "Msomi ni wewe." Sijawahi kusifiwa hivyo tena, na kwa kweli sitaki.

Nilikusanya mashuka, mablanketi na magunia, nikayaanika mbele ya kibanda kwa kamba tatu, mengi kiasi cha kutandikia hospitali nzima. Jirani yetu, mama mmoja kutoka magharibi aliyewauzia uji vibarua, alinishangaa.

"Leo mmefua mpaka ukuta?" akauliza.

Nilimsihi naye aanike yake. Akasema shuka lake ni moja na lina kazi. Basi baba mwenyewe akamwendea, akamwomba jambo moja tu: mtu yeyote akiuliza, aseme pale hapaishi mtu, ni mahali pa kuanikia nguo. Mama alisita. Hakupenda uongo, alikuwa mtu wa kanisa. Mwishowe akasema jirani ni jirani.

Wapimaji walipita. Nyuma yao alikuja karani mwenye kitabu kirefu, akibisha mlango baada ya mlango. Mimi nilidhani naye ni mtu wa darubini, na kwamba kitabu chake ni orodha ya nyumba zilizokwisha kupinduka kiooni. Baba hakuhitaji kuelezwa habari za kitabu. Katika ujana wake mjini humu, mtu akikuandika asubuhi, jioni unafunga mizigo. Alijifunza kukaa kimya watu wakihesabiwa, na somo hilo lilikuwa limemwokoa zaidi ya mara moja.

Karani alikuja mara tatu. Kila mara tuliketi ndani gizani, baba na tezo mapajani, hata kukohoa akakumeza. Tulimsikia karani akiuliza, na tukamsikia mama wa uji akijibu kwa sauti ndogo kuliko yake ya kawaida.

Baadaye mama wa uji akapata barua. Alikuwa amepewa kiwanja Dandora, ajenge kidogo kidogo kwa uwezo wake. Kwetu barua haikuja. Baba alivaa koti, akaenda ofisini kuuliza, akarudi akasema jina lake halimo. Nami, bila kumeza mate, nikamweleza sababu: yule mama ana mtu wake huko ndani. Nilisema kwa uhakika wote wa mtu mwenye daftari. Baba aliniamini tena. Tangu siku hiyo hakumsalimu yule mama.

Tingatinga likaja asubuhi. Tuliokoa vitanda, tezo, patasi na mashuka. Gogo la mpingo lilitushinda kulibeba, na nilipokimbia kutafuta mkokoteni likasukumwa pamoja na udongo chini ya mahali ambapo barabara inapandia daraja. Bado limo humo.

Tulipata chumba cha kupanga mtaa wa Mbotela. Mwenye nyumba hakutaka kelele, kwa hiyo baba hakuweza kuchonga. Alichukua wanyama waliochongwa na watu wengine, akawapiga msasa. Msasa hauna kelele. Miaka kadhaa nilirudi kutoka darasani nikamkuta amekaa kitandani, anamlainisha twiga wa mtu mwingine, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

Daraja la pili lilikamilika, pana, zuri, na jiji zima likalipita. Baba alipita lile la zamani, akijibandika ukingoni malori yakija. Mpaka siku moja wakalifunga kulitengeneza, nasi tukawa na furushi la vifaru la kupeleka ng'ambo ya mto. Tulipanda daraja jipya polepole. Katikati tukakutana na mama wa uji, mvi zimemwingia, kikapu mkononi.

Alimsalimu baba. Baba akashika chuma cha ukingo, akatazama maji.

Mama akanigeukia mimi. "Nimeshindwa kuelewa hii miaka yote," akasema. "Baba yako nilimkosea nini?"

Nikaanza kujikanyaga, maneno ya ofisini, ya watu wenye watu wao. Nikaingiza na darubini, na nyumba ilivyopinduka kwenye kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwache aseme yeye," baba akaniambia, bila kugeuka.

Mama akaweka kikapu chini.

"Ile darubini inageuza kila kitu, hata wapimaji wenyewe walinichungulisha walipokuja kunywa uji. Ilikuwa ya kupima barabara ipite wapi, basi. Haikuangusha nyumba ya mtu. Na kile kitabu kilikuwa cha watu wa kupewa viwanja. Mimi mwenyewe sikujua mpaka barua ilipokuja, na hapo salamu zangu hukuzipokea tena. Karani alisimama mlangoni penu mara tatu, mzee, na mara tatu nikamwambia hapa hapaishi mtu, kwa sababu ndivyo mlivyoniomba."